Damu Hiyo Si Mbovu

Kuna neno nimelisikia mtaani Namakwekwe kwenye msiba, kwenye kikao cha posa, kwenye foleni ya kliniki na, kwa uchungu zaidi, kwenye chumba cha walimu: damu mbovu. Husemwa juu ya mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao majirani zangu wengi hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, huuita sikoseli, na waliolelewa kwa Kiganda huuita nalubiri. Bibi akilitamka, hulitamka kwa huruma. Mwalimu wa baiolojia yeye hulivalisha koti jeupe: husema protini ya mtoto huyu imeharibika umbo. Nami nafundisha somo hilohilo, na kwa miaka kadhaa niliiandika sentensi hiyo ubaoni kwa mkono wangu. Leo naamini kwamba bibi na mwalimu wanakosea kosa moja kwa lugha mbili, na la mwalimu ndilo zito, kwa kuwa yeye alikuwa na njia ya kujua.

Niitendee haki kwanza hoja ninayoipinga, maana ina mvuto wake. Darasani inakwenda hivi. Protini ni mnyororo wa asidi amino zilizofuatana kwa mpangilio maalumu. Huo ni muundo wa kwanza. Mnyororo haukai umenyooka. Sehemu zake nyingine hujisokota kama hesi ya parafujo, ndizo vitabu vinaziita heliksi za alfa, na nyingine hulala bega kwa bega kama mikunjo ya pazia, ndizo bapa za beta. Huo ni muundo wa pili. Misokoto na bapa hukunjamana kuwa donge, muundo wa tatu, na madonge kadhaa yakishikana tunapata muundo wa nne. Kisha mwalimu anafunga hesabu: badilisha asidi amino moja tu kwenye mnyororo, na jengo zima linapinda. Mfano? Selimundu. Mwanafunzi anachora seli ya duara, anachora pembeni nyingine iliyojikunja kama mundu, anapata alama zake na kwenda zake.

Mchoro huo ndio uliotufunga macho. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza chembe za damu alizoziona kwenye darubini, ndefu na zilizopinda, katika damu ya kijana kutoka Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Tangu hapo ugonjwa ukabeba jina la umbo. Waswahili nao wakatafsiri kwa uaminifu: seli, mundu. Lakini mundu ni seli. Protini ni kitu kingine kabisa, kidogo mno, na ndani ya chembe moja nyekundu mna molekuli za hemoglobini karibu milioni 270. Anayesema protini imepinda kwa kuwa seli imepinda anafanana na mtu aliyeona ukuta umeinama akaamua kwamba kila tofali ndani yake limeinama.

Basi tulitazame tofali lenyewe. Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne: miwili ya alfa, kila mmoja una asidi amino 141, na miwili ya beta, kila mmoja una 146. Jumla 574. Haina bapa za beta hata moja. Takriban robo tatu yake ni misokoto mitupu. Mnyororo wa beta una misokoto minane, na wanasayansi wameipa herufi kuanzia A hadi H. Kwa mtu mwenye selimundu, kilichobadilika ni asidi amino ya sita ya mnyororo huo wa beta: mahali palipokuwa na asidi glutamiki pamekaa valini. Nafasi hiyo ya sita ni ya tatu ndani ya msokoto A. Ungetegemea, kwa somo tulilofundishwa, msokoto A ufumuke, au angalau upinde. Haufumuki. Mwaka 1975 kundi la Warner Love, kule Baltimore nchini Marekani, lilichapisha umbo la hemoglobini ya selimundu lililopatikana kwa miale ya eksirei iliyopitishwa kwenye fuwele zake. Ilikuwa ni hemoglobini tunayoifahamu. Misokoto minane, A hadi H, kila mmoja mahali pake, na tofauti ndogo mno hapo jirani na badiliko. Hata kazi yake haikupotea: ikiwa kwenye maji yenye hemoglobini chache, molekuli hiyo hupokea oksijeni na kuiachia kama yangu na yako.

Kama umbo halikuharibika, nini kimebadilika? Uso wa nje. Hapa ndipo huwaambia wanafunzi wangu wafikirie fenesi. Kila mtoto wa Mbale amekula fenesi, na kila mmoja anajua utomvu wake: ukishika mkononi, maji hayautoi, sharti mafuta. Chukua nyuzi kavu za mgomba, sokota kamba, kisha tia tone moja la utomvu wa fenesi karibu na ncha. Kamba ni ileile. Misokoto ni ileile, nguvu ni ileile, inafunga mzigo uleule. Ila ukiweka kamba mia za namna hiyo kwenye ndoo moja, asubuhi utazikuta zimegandana. Asidi glutamiki ina chaji ya umeme na inakaa vizuri na maji. Valini ina tabia ya mafuta. Inayakimbia maji na kutafuta mahali pa kujificha. Tone moja la utomvu kwenye kila mnyororo wa beta, mawili kwa molekuli nzima, na asidi amino 572 nyingine zote ni sawa na za mtu yeyote.

Ajabu ni kwamba ushahidi wa kwanza kabisa wa jambo hili ulikuwa wa chaji, na aliyeuleta ndiye huyohuyo aliyetufundisha misokoto. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake Harvey Itano, S. J. Singer na Ibert Wells walichapisha makala iliyotangaza selimundu kuwa ugonjwa wa molekuli. Walipitisha umeme kwenye hemoglobini mbili na kuona zinatembea kwa mwendo tofauti. Walichopima ni chaji. Na katika makala hiyohiyo walidokeza kwamba huenda molekuli za selimundu zina mahali panapooana, zikanasana moja na nyingine. Miaka miwili baadaye, 1951, Pauling akiwa na Robert Corey na Herman Branson, mwanafizikia Mmarekani mweusi wa Chuo Kikuu cha Howard, alieleza heliksi ya alfa: asidi amino 3.6 kwa kila mzunguko mmoja. Max Perutz, aliyekuwa akihangaika na hemoglobini kule Cambridge, aliposoma kazi hiyo alikwenda kutafuta alama yake kwenye picha zake za eksirei, na akaiona. Miaka michache baadaye, katika jiji hilohilo la Cambridge, Vernon Ingram akaonyesha kwamba tofauti yote ni asidi amino moja. Watu hawa hawakuchanganya mambo mawili. Msokoto walijua ni msokoto, na kunata walijua ni kunata. Mchanganyiko tumeutia sisi tuliowafuata, katika kufupisha somo ili litoshee kwenye swali la mtihani.

Mtu atasema: Mwalimu, unabishana juu ya neno. Umbo, uso wa nje, kuna tofauti gani kwa mtu asiyelala usiku kwa maumivu ya mifupa? Nitafika kwa mgonjwa, na ndiko ninakokwenda. Lakini kwanza nimalizane na wenzangu wa chaki, kwa kuwa wao wana njia rahisi ya kujipima.

Afrika Magharibi kuna hemoglobini inayoitwa C. Badiliko lake liko kwenye nafasi ileile ya sita, kwenye mnyororo uleule wa beta; ila badala ya valini pamekaa lisini. Kwa upande wa chaji huo ni mruko mkubwa kuliko wa selimundu, kwa sababu asidi glutamiki ni hasi na lisini ni chanya. Kama kanuni ingekuwa kwamba kugusa nafasi hiyo kunaliharibu jengo, basi mwenye hemoglobini C kutoka kwa wazazi wote wawili angekuwa hoi kuliko mwenye selimundu. Kinyume chake, kwa kawaida hupata upungufu mdogo wa damu na kuishi maisha yake. Lisini hainati kama valini. Nafasi ni moja, msokoto ni mmoja, na matokeo hayafanani hata kidogo. Mwalimu anayefundisha kwamba umbo limeharibika hana namna ya kuieleza hemoglobini C. Anayefundisha utomvu anayo.

Na protini iliyoharibika msokoto kwelikweli, je, hukaaje? Nayo tunaijua. Kuna asidi amino iitwayo prolini ambayo haikubali kukaa katikati ya msokoto. Ikiingia, msokoto huvunjika. Katika hemoglobini iitwayo Genova, prolini imeingia kwenye nafasi ya 28 ya mnyororo wa beta, katikati ya msokoto B. Hemoglobini hiyo haisimami. Huanguka ndani ya seli na kuganda vipandevipande, na chembe nyekundu hufa mapema. Huo ndio uharibifu wa muundo wa pili katika damu, nao ni nadra mno. Nje ya damu kuna prioni, protini ambazo Stanley Prusiner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997 kwa kuzieleza: misokoto yake hugeuka kuwa bapa, na bapa hizo huwafundisha jirani zake kugeuka pia, mpaka ubongo unatoboka. Sikatai hata kidogo kwamba umbo la protini linaweza kuua. Ninachokataa ni kuichukua hofu inayostahili prioni na kuitwisha damu ya mtoto wa Namakwekwe ambaye misokoto yake yote iko salama.

Ushahidi ninaoupenda kuliko yote hautoki maabara. Unatoka kwa akina mama. Muulize mama yeyote mwenye mtoto wa SS, yaani aliyerithi selimundu kwa wazazi wote wawili, naye atakwambia: mtoto alizaliwa mzima, akanyonya, akacheka, akanenepa. Kisha karibu na miezi sita, au baadaye kidogo, mikono na miguu ikavimba, akawa analia akiguswa. Akina mama wengi hapo hutafuta aliyewaonea kijicho, kwa sababu wanajua walichokiona: mtoto alikuwa mzima. Na walichokiona ni kweli. Mwaka 1948 daktari wa watoto Janet Watson, kule Brooklyn, alitambua kwamba watoto wachanga wa selimundu hukaa salama kwa muda, akasema kinachowalinda ni hemoglobini ya tumboni, ile ambayo mtoto hutumia kabla ya kuzaliwa. Hiyo ina minyororo ya gama badala ya beta. Ukiitazama misokoto yake, inafanana na ya beta kiasi kwamba mwanafunzi hawezi kuitofautisha kwa mchoro. Ila haiingii kwenye mgando. Kadiri miezi inavyokwenda, mwili huacha kuitengeneza na kushika ile ya beta, na utomvu huanza kazi. Damu ambayo ni mbovu ingekuwa mbovu siku ya kwanza. Mama hakurogwa, na macho yake hayakumdanganya.

Sasa kuhusu maumivu yenyewe, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana hapa ndipo maneno yanakuwa maji ya kunywa. Hemoglobini ikiwa imebeba oksijeni, ile valini haina pa kushika. Ikishaachia oksijeni mwilini, molekuli hujigeuza kidogo, kama hemoglobini ya kila mwanadamu inavyojigeuza, na kwenye mnyororo wa beta hufunguka kijishimo kati ya fenilalanini ya 85 na leusini ya 88. Hapo valini ya molekuli jirani hupata kwake. Huingia, hunasa. Moja hunasa nyingine, na nyingine, mpaka zinakuwa uzi. Nyuzi 14 husokotana kuwa ugwe mgumu unaoisukuma seli kutoka ndani na kuirefusha. Huo ndio mundu. Seli ikirudi kwenye mapafu na kupata oksijeni, ugwe huyeyuka na seli hurudi kuwa duara, hadi siku ngozi yake itakapochoka kwa kukunjwa na kukunjuliwa.

Kitu kinachoamua kama mtoto ataumwa leo ni muda. Ugwe hauanzi papo hapo. Kuna kusubiri kwanza, na kusubiri huko hutegemea ni hemoglobini kiasi gani imebanana ndani ya seli. William Eaton na James Hofrichter, watafiti wa Marekani walioanza kupima jambo hili katika miaka ya 1970, walikuta kwamba muda huo hubadilika kwa mkolezo uliopandishwa kwenye kipeo cha karibu 30. Sijui hesabu nyingine katika mwili wa binadamu iliyo kali namna hii. Punguza mkolezo kwa sehemu 5 katika 100, na muda wa kusubiri unarefuka zaidi ya mara nne. Ongeza kidogo, kwa seli kukauka, na muda unasinyaa. Chembe nyekundu hupita kwenye mishipa myembamba kwa muda mfupi sana, karibu sekunde moja. Ikiwahi kurudi mapafuni kabla ya ugwe kuanza, mtoto anaendelea kucheza. Ikichelewa, ananaswa.

Ndiyo maana wauguzi husema mnyweshe maji. Ndiyo maana husema mfunike, usimwache kwenye baridi ya jioni inayoshuka kutoka mlima Wanale mvua ikishanyesha, kwa kuwa baridi hubana mishipa na kuichelewesha seli njiani. Ndiyo maana homa hutibiwa mara moja. Mambo haya huonekana madogo, ya kumfariji mama tu, kwa mtu aliyeambiwa kwamba protini imeharibika. Maana kikombe cha maji kitafanya nini kwenye jengo lililopinda? Nimewasikia baba za watoto wakisema hivyohivyo, na siwalaumu. Walipewa picha ambayo ndani yake maji hayana kazi. Wape picha ya utomvu na sekunde moja, na kikombe kinakuwa dawa.

Nimekaa katika shule, siitaji jina, ambayo sheria yake ilikuwa kwamba mwanafunzi hatoki darasani kwenda kunywa maji mpaka kengele. Nilipouliza habari za msichana mmoja mwenye SS, niliambiwa kwamba ugonjwa wake ni wa kuzaliwa, maji hayatambadilisha. Hilo lilisemwa na mtu aliyesoma, aliyeweza kuchora miundo minne ya protini bila kufungua kitabu. Ndiyo sababu nasema makosa haya si ya maneno.

Kuna jambo jingine letu wenyewe. Mwaka wa namba shufwa ni mwaka wa imbalu, tohara ya jadi. Kijana wa Kigisu hukimbia na kucheza kwa siku kadhaa kabla ya kisu, juani, akitembelea jamaa, na mara nyingi ngoma inakuwa nzito kuliko kibuyu cha maji. Familia yenye kijana wa selimundu hubaki kwenye njia panda: ama wanamficha kwa aibu ya damu mbovu, ama wanamtoa kwa kiburi ili kuthibitisha kwamba damu yao ni safi. Pande zote mbili zimefungwa na neno lilelile. Kijana huyo si wa kufichwa, wala si wa kutolewa bila daktari kujua. Anahitaji watu wanaofahamu kwamba adui yake ni kukauka, kuchoka, baridi na kupoteza damu, waongee na hospitali mapema, na waamue wakiwa na maji mkononi na heshima kinywani.

Anayetaka uthibitisho mkubwa zaidi kwamba hatuhitaji kunyoosha umbo lolote, aende barabarani hapa hapa mjini kwetu. Mbale ilikuwa mojawapo ya vituo vinne vya utafiti ulioitwa REACH, vingine vikiwa Kilifi, Kinshasa na Luanda. Upande wa Mbale uliongozwa na Peter Olupot-Olupot. Watoto 606, wa umri kati ya mwaka 1 na 10, walipewa haidroksiyurea, kidonge cha kila siku, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Maumivu makali yalishuka kutoka matukio 98.3 hadi 44.6 kwa kila miaka 100 ya wagonjwa. Kuongezewa damu kulishuka kutoka 43.3 hadi 14.2. Malaria, ambayo wengi waliogopa ingezidi, ilishuka kutoka 46.9 hadi 22.9. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Soma namba hizo za mwisho tena, polepole.

Kidonge hicho kilifanya nini? Hakikugusa valini. Hakikunyoosha kitu. Kiliushawishi mwili utengeneze tena ile hemoglobini ya tumboni, isiyonasa, na kuichanganya na ile inayonasa, mpaka kusubiri kukarefuka. Na tiba ya kubadili jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, ambayo bei yake Marekani ilitangazwa wakati huo kuwa dola milioni 2.2, nayo haigusi ile valini. Hukata swichi inayozima hemoglobini ya tumboni. Tiba ya mamilioni ya dola na kidonge cha Mbale zinafuata wazo moja, na wazo hilo halieleweki kwa mtu anayeamini umbo limeharibika. Lielewe kwa utomvu, na utaona kwa nini haki ya mtoto wa Namakwekwe leo ni kidonge kisichokosekana kwenye duka la dawa la hospitali mwezi wowote wa mwaka. Badala ya kudai hilo kwa sauti, tumekaa tukisubiri miujiza ya kunyoosha kitu ambacho hakijapinda.

Najua pingamizi la wazee, nalo nalipa uzito. Mzee mmoja wa ukoo aliniambia: Mwalimu, ukiwaambia vijana kwamba damu si mbovu, hawatapima kabla ya kuoana, hofu ndiyo inayowapeleka maabara. Nimelifikiria sana. Jibu langu ni kwamba hofu imekuwa ikifanya kazi hiyo muda wote, na matokeo yake tunayaona: watu wanaogopa kupima kwa sababu karatasi inayosema AS, yaani umelirithi badiliko kwa mzazi mmoja tu, husomwa kama hati ya ukoo uliolaaniwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta asilimia 17.5 ya watoto waliopimwa Mbale na Sironko wana AS. Huyo ni zaidi ya mmoja katika kila sita. Kule Mbarara na Ntungamo, magharibi mwa nchi, ilikuwa asilimia 3. Uchunguzi wa taifa wa sampuli zaidi ya 97,000 za watoto, uliochapishwa mwaka 2016, ulipata asilimia 13.3 kwa nchi nzima, na ukanda wa Jinja na Busoga ukiwa miongoni mwa ile iliyobeba mzigo mkubwa zaidi. Katika kikao chochote cha posa hapa kwetu, chenye watu ishirini mkekani, kwa wastani watatu au zaidi wana AS bila kujua. Damu mbovu ni ya nani hapo?

Na kwa nini mashariki kuliko Mbarara? Historia ya swali hili inaumiza kuisoma. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper waliochunguza damu Uganda walichapisha matokeo yao wakitafuta humo asili ya makabila, kana kwamba chembe za damu ni cheti cha ukoo. Miaka mitano baadaye Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alitazama ramani hiyohiyo ya Afrika Mashariki akaona mbu. Mahali penye malaria nyingi, kandokando ya ziwa na pwani, AS ni wengi. Nyanda za juu zenye baridi, ni wachache. Mwenye AS analindwa dhidi ya malaria kali. Mababu zetu waliobaki hai kando ya mabwawa ya Namatala na maji ya Nile kule Jinja, baadhi yao walibaki kwa sababu ya tone hilohilo la utomvu. Mtoto akilipata kutoka kwa mzazi mmoja ni ngao. Akilipata kutoka kwa wote wawili ni ugonjwa, na wazazi wa AS wawili wana uwezekano wa mmoja katika wanne kwa kila mimba, kila mara, bila kujali aliyetangulia. Baba anayeondoka akisema ugonjwa ni wa upande wa mama anaondoka na nusu yake mfukoni. Kijana akiambiwa haya waziwazi ana sababu ya kwenda kupima akiwa ameinua kichwa. Lehmann na Raper waliposoma kabila ndani ya damu walikosea kama anavyokosea mzee leo akisoma ukoo, na kama nilivyokosea mimi nikisoma uharibifu.

Kwa hiyo nimeifuta sentensi ile ubaoni. Kwenye mada ya protini sasa nafundisha msokoto kwa mfano wa hemoglobini nzima, uharibifu wa msokoto kwa mfano wa Genova na prioni, na selimundu naipeleka kwenye somo la chaji na mafuta, mahali pake. Mwenzangu mmoja ameniambia ninawaponza watoto, kwamba msahihishaji atatafuta maneno umbo limebadilika na asipoyaona atakata alama. Huenda. Nawafundisha waandike umbo la seli, na wasiache neno seli. Kama bado kuna msahihishaji asiyeona tofauti, basi malumbano haya ni yake pia.

Mara ya kwanza nilipolifundisha hivyo, nilibandika mchoro mkubwa wa mnyororo wa beta, misokoto imepakwa rangi, herufi pembeni. Kipindi kilipokwisha wengine walitoka. Msichana mmoja alibaki na chupa yake ya maji mkononi. Sikuwa nimemtaja, wala sikumtazama nilipokuwa nikieleza. Alipitisha kidole kwenye mchoro kutoka A, polepole, hadi H. Akarudia. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo hii yote minane ninayo?"

Nikamwambia anayo, yote minane.